Mkutano Kabla ya Mkutano: Utangulizi wa Kuwasoma Waunitaria kwa Vikao Vyao

Anayetaka kujua Wakatoliki wanaamini nini ataanza na Katekisimu. Anayetaka kuwaelewa Walutheri ataelekezwa kwenye Ungamo la Augsburg. Waunitaria wengi hawana kitabu cha namna hiyo. Hakuna kanuni ya imani ambayo muumini analazimika kuikiri ndipo apokewe, na kwenye benchi moja siku ya Jumapili unaweza kumkuta Mkristo, mfuasi wa Budha na mtu asiyesadiki kwamba Mungu yupo, wote wakiimba wimbo mmoja. Kinachowaunganisha ni agano la kutembea pamoja. Agano hilo huandikwa, hujadiliwa, hupigiwa kura na hurekebishwa mkutanoni. Ndiyo maana mtafiti wa dini hii huanza kwa kusoma kumbukumbu za vikao, kama mwenzake anavyoanza na maandiko matakatifu.

Mimi nakuomba, msomaji, uende hatua moja mbele zaidi. Kumbukumbu za mkutano mkuu hazitoshi. Mengi kati ya mambo mazito ya Waunitaria yalizaliwa kwenye mikusanyiko midogo iliyotangulia: warsha, makongamano, vikao vya wachungaji, vikao vya akina mama, vikao vya watu waliojiona wamesahauliwa. Uwanja huu bado una wafanyakazi wachache, na kazi iliyomo ni nyingi na tamu.

Tuanze na historia kwa ufupi. Mizizi ya Waunitaria iko Ulaya ya karne ya 16, miongoni mwa wanamatengenezo waliolikataa fundisho la Utatu. Huko Transilvania, bunge lililoketi Torda mwaka 1568 liliruhusu wahubiri kuihubiri Injili kila mmoja kadiri alivyoielewa, jambo la ajabu kwa zama zile. Marekani, chama cha Waunitaria kiliundwa 1825, na mwaka 1961 kikaungana na kanisa la Wauniversalisti, waliofundisha kwamba Mungu hatimaye atawaokoa watu wote. Muungano huo ndio Unitarian Universalist Association, wenye makao makuu Boston. Nitakaa zaidi huko Marekani, maana nyaraka zake ni nyingi na ziko wazi kwa mtafiti.

Kwa nini vikao vina uzito kiasi hicho? Jibu liko mwaka 1648. Makanisa ya Wapuritani wa New England yalikubaliana, katika hati iitwayo Cambridge Platform, kwamba kila kanisa la mahali linajitawala: linachagua mchungaji wake, linasimamia mali yake na kuamua mambo yake bila askofu juu yake. Waunitaria walirithi utaratibu huo na hawajauacha. Mkutano wao mkuu hupitisha maazimio, lakini hauwezi kulilazimisha kanisa la mahali kuyatekeleza. Azimio lina nguvu ya ushawishi tu, na ushawishi hauanzi siku ya kura. Ni kama posa: kinachosemwa mbele ya wazee siku ile kimeshakwenda na kurudi mara nyingi na washenga. Mtafiti anayesoma matokeo ya kura peke yake ameona mahari ikipokewa na hajui kilichozungumzwa kabla.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Berry Street. Mwaka 1819 mchungaji William Ellery Channing wa Boston alihubiri Baltimore, kwenye ibada ya kumwekea mikono mchungaji kijana Jared Sparks. Mahubiri yale yaliwapa Waunitaria wa Marekani msimamo wa kusimama nao hadharani. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Channing aliwaita wachungaji wenye mawazo huru wakutane kwenye ukumbi wa kanisa lake uliokuwa mtaa wa Berry. Wakati ulichaguliwa kwa akili. Wiki ya mwisho ya Mei Boston ilijaa viongozi wa dini waliokuja kwa siku ya uchaguzi ya jimbo na kwa mikutano ya mwaka ya vyama vya hisani. Wachungaji walikuwa mjini tayari. Alichofanya Channing ni kuwapa chumba na neno la kuzungumza.

Miaka mitano baadaye chumba hicho kilizaa chama. Mei 1825, wachungaji walipokusanyika kwa kikao chao cha Berry Street, vijana miongoni mwao, akiwemo Ezra Stiles Gannett, waliwaomba wenzao wabaki wajadili kuunda chombo cha kuwaunganisha. Channing mwenyewe alisita. Aliogopa kwamba chama kingewageuza watu huru kuwa dhehebu kama madhehebu mengine, na urais alipopewa aliukataa. Ukachukuliwa na Aaron Bancroft wa Worcester. Katiba ilipita Mei 26. Siku hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari, Waunitaria wa Uingereza nao walikuwa London wakiunda chama chao, bila upande mmoja kujua habari za mwenzake.

Mhadhara unaotolewa kwenye kikao hicho cha Berry Street, kilichoanza 1820, bado upo. Leo hutolewa katika siku za wachungaji zinazotangulia mkutano mkuu wa mwezi Juni. Kikao kilichozaa chama kimegeuka kuwa kitangulizi cha mkutano wa chama hicho. Ukitaka kujua Waunitaria wa kizazi fulani waliumizwa na nini, soma mihadhara hiyo kabla ya maazimio yao. Mchungaji anayezungumza na wachungaji wenzake peke yao hufungua moyo kuliko anapokuwa mimbarini.

Siku hizo za kabla zina sura nyingi. Wachungaji huabudu pamoja, na kati yao husimama mwenye miaka 25 ya utumishi na mwenye miaka 50, kila mmoja akieleza safari yake. Walimu wa dini wa watoto na vijana wana chama chao na mafunzo yao, na wanamuziki wa makanisani wana mtandao wao. Hayo nayapita haraka, maana mengi yanafanana na semina za madhehebu mengine. Ila kuna kikao kimoja kisichopigwa picha na mtu yeyote ambacho mwanafunzi asikikose: kile kikao kidogo cha kurekebisha hoja.

Utaratibu wake ni huu. Hoja ikishaingia kwenye ajenda, wajumbe wanaotaka kuibadilisha hukutana kwanza pembeni, kabla haijafika mbele ya mkutano mzima. Kwa kawaida marekebisho ambayo hayakupitia hapo hayapokelewi ukumbini. Kwa hiyo hoja hufika kwenye ukumbi mkubwa ikiwa imeshachujwa. Mle ukumbini kuna maikrofoni ya wanaounga mkono, ya wanaopinga na ya masuala ya utaratibu. Wasemaji hujipanga foleni, muda huhesabiwa, kura hupigwa. Inapendeza kutazama. Lakini neno moja lililobadilishwa pembeni, mathalani "inapaswa" kuwekwa badala ya "inaombwa", ndilo lililoamua, na aliyelibadilisha huenda asionekane kabisa kwenye maikrofoni. Mtafiti akae pale pembeni, na daftari lake.

Mfano wa pili unahusu akina mama. Mwaka 1977, mkutano mkuu uliofanyika Ithaca, New York, ulipitisha azimio la wanawake na dini, lililotokana na kazi ya Lucile Longview na wenzake wa kanisa la Lexington, Massachusetts. Azimio liliwataka Waunitaria wachunguze jinsi mafundisho na lugha yao ya dini ilivyomdunisha mwanamke. Lingeweza kuishia kwenye kabati. Halikuishia huko kwa sababu wanawake waliendelea kukutana: 1979 huko Loveland, Ohio, na 1980 huko East Lansing, Michigan. Waliichambua lugha ya misingi iliyoandikwa wakati wa muungano wa 1961, iliyomzungumzia binadamu kana kwamba ni mwanamume tu, wakadai iandikwe upya. Mwaka 1985 mkutano mkuu wa Atlanta ulipitisha kanuni saba ambazo kwa karibu miaka 40 zilibandikwa kwenye kuta za makanisa na kufundishwa watoto.

Palepale East Lansing kulitokea jambo ambalo halikuwa kwenye azimio lolote. Longview na mtunzi wa nyimbo Carolyn McDade waliandaa ibada ambamo kila mwanamke alileta maji kutoka alikotoka, akayamimina kwenye bakuli moja kubwa. Waliokuwa wamekaa pembezoni mwa ibada walijitengenezea ibada yao. Walirudi nayo makwao, na leo makanisa mengi ya Waunitaria Marekani hufungua mwaka wao wa kanisa, mwezi Septemba, kwa ushirika wa maji. Haikupigiwa kura wala hakuna kamati iliyoituma. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huu wa uwezo wa mkusanyiko mdogo.

Isidhaniwe kwamba vikao hivi ni vya heri siku zote. Oktoba 1967, baada ya machafuko ya rangi katika miji ya Newark na Detroit, Waunitaria waliitisha kongamano la dharura katika hoteli ya Biltmore, New York. Wengi wa washiriki weusi waliacha ratiba iliyoandaliwa, wakaingia chumba chao wenyewe, wakatoka na madai yaliyotakiwa kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Mwaka 1968, Cleveland, mkutano mkuu ulikubali kutoa dola milioni 1 kwa miaka 4 kwa baraza la mambo ya watu weusi, moja ya madai hayo. Mwaka 1969, Boston, ugomvi ulilipuka juu ya mpangilio wa ajenda: lipi litangulie. Hoja ya kuyatanguliza masuala ya watu weusi iliposhindwa, maikrofoni zilitwaliwa, kisha wajumbe weusi wakatoka ukumbini, na mamia ya weupe wakawafuata. Fedha zile hazikutolewa kama zilivyoahidiwa, na waumini wengi weusi waliihama jamii hii.

Kuna wanaosema kosa lilikuwa kukutana pembeni. Siafikiani nao. Watu weusi walikutana pembeni kwa sababu ajenda ilikuwa imeshapangwa na wengine, na wale wengine nao walikutana pembeni, ila kikao chao kiliitwa halmashauri. Mwanafunzi wa uwanja huu aulize kila mara: nani aliitwa, nani alilipiwa nauli, na ni mkusanyiko upi uliohesabiwa kuwa halali?

Swali la nauli linatuhusu moja kwa moja. Jumuiya za Waunitaria zipo Kenya, Uganda na Burundi. Mjumbe wa Afrika Mashariki anayetaka kufika mkutano wa Marekani anahitaji viza, tiketi ya ndege, ada na hoteli, na akitaka kuhudhuria siku za kabla, aongeze gharama za malazi. Kwa hiyo hata anayefika hufika mambo yakiwa yameshaiva. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, mkutano mkuu ulihamia mtandaoni kwa mara ya kwanza, na ule wa 2024, uliobadilisha kanuni saba kuwa maadili yaliyowekwa kuuzunguka upendo, ulifanyika mtandaoni wote. Mlango umefunguka kidogo kwa mwenye bando. Lakini kikao cha saa 1 jioni Boston ni saa 8 usiku Nairobi, na mazungumzo ya korido, ambamo hoja hupata marafiki, hayana kiungo cha kubofya.

Ndiyo maana namalizia na ombi kwa wasomaji wa Kiswahili, hasa wanafunzi wa dini na historia wa Nairobi, Kampala na Bujumbura. Nyaraka za Boston zimetunzwa vizuri Chuo Kikuu cha Harvard na zitakungoja. Vikao vya kwetu haviwezi kungoja. Mwaka 2015 misukosuko ya Burundi iliwatawanya waumini wa Bujumbura, wengine wakavuka mipaka, na kumbukumbu za jumuiya changa kama hiyo hukaa vichwani mwa watu na kwenye simu zao. Watafuteni waliokuwepo. Waulizeni walikutana nyumbani kwa nani kabla kanisa halijawa kanisa, nani alipika, nani alipinga, na neno gani lilibadilishwa kabla ya kura. Andikeni tarehe, andikeni majina ya wanaoridhia kuandikwa, na waachieni nakala moja.