Hamu ikija kama mafuriko ya Tarach, usiingie majini

Umeacha pombe, hii ni wiki ya tatu. Uko Lodwar, ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni, saa ambayo sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa. Jua limelegea, doo ya boda iko mfukoni, mabeshte wanapiga simu. Hujaona chupa, lakini koo tayari linawasha.

Hicho ndicho kichochezi. Si lazima kiwe pombe yenyewe. Ni saa, ni pesa, ni wimbo, ni ule mti mliozoea kukaa chini yake. Ubongo ulishaviunganisha na kinywaji.

Wengi hujaribu kupigana na hamu. Shida ni kwamba ukipigana nayo, unaiwaza zaidi. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alifundisha njia nyingine: itazame hamu kama wimbi linalopanda, linalofika kilele, kisha linashuka lenyewe.

Kakuma hakuna bahari, lakini kuna laga ya Tarach. Mvua ikinyesha mbali, laga iliyokuwa kavu hujaa ghafla. Mwenye akili haingii. Anasimama ukingoni, anatazama, anangoja maji yapungue.

Basi fanya hivi. Simama pale ulipo. Jiambie, "Hii ni hamu." Vuta pumzi polepole, sikia upepo ule moto ukigusa uso. Kagua mwili: hamu imekaa wapi? Kooni? Kifuani? Mikononi? Usiifukuze, usiilishe. Jiulize pia kama ni njaa, hasira, upweke au uchovu uliovaa nguo za kiu. Halafu ndiyo uamue: kula, piga simu, au pita njia nyingine.

Hii si porojo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wenye watu 286, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliofunzwa mbinu hizi walikuwa na siku chache zaidi za kutumia dawa na kulewa sana kuliko wenzao.

Lakini tuongee ukweli: kupumua hakutoshi kila mtu. Kama ulikuwa unakunywa sana kila siku, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, hata kifafa. Usijikaze kisabuni, nenda hospitali, au pigia NACADA 1192, bila malipo.

Na ukiteleza? Maji yamekulowesha, hayajakubeba. Toka, rudi ukingoni. Anza mazoezi leo ukiwa umetulia, dakika tatu tu, usingoje Ijumaa.