Mwalimu Asemapo 'Hapa', Huwa Anamwambia Nani?

Miongoni mwa maneno mafupi kabisa katika lugha ya Kiswahili ni vionyeshi: hapa, huku, hii, ile, pale. Sisi wanaisimu tumeyaandikia maneno haya kurasa nyingi, tukieleza kwamba maana yake haikamiliki mpaka msikilizaji ajue msemaji amesimama wapi na anaelekeza kidole wapi. Mimi mwenyewe nimelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka kumi, nikalitungia maswali ya mtihani na kuwasahihisha waliokosea. Hata hivyo, nilichelewa mno kutambua kwamba kanuni niliyokuwa nikiifundisha ndiyo niliyokuwa nikiivunja kila nilipoingia darasani.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipewa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza utangulizi wa fonetiki. Walikuwa zaidi ya mia mbili katika ukumbi mmoja, na baadhi yao walisimama mlangoni kwa kukosa viti. Katika safu ya mbele aliketi msichana mmoja asiyeona, na mlio wa chombo chake cha kutobolea maandishi ya nukta nundu ulisikika kila nilipotua kupumua. Nilichora ubaoni kichwa cha binadamu kilichopasuliwa katikati, nikaonyesha midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu na kaakaa laini. "Hewa hutoka hapa," nikasema, "hupita hapa, kisha huzuiwa hapa." Darasa likaitikia. Nami nikafuta ubao, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika.

Wiki ya sita niliwapa jaribio. Swali la kwanza lilikuwa mchoro usio na majina, na watahiniwa walitakiwa kuzitaja ala za matamshi zilizoonyeshwa kwa mishale. Binti yule alipata alama 9 kwa 30. Pembezoni mwa karatasi yake niliandika maneno ambayo walimu huyaandika bila kufikiri: "Jitahidi zaidi."

Siku mbili baadaye alibisha hodi ofisini mwangu, ameshikwa mkono na mwenzake.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "nimekuja kuomba idhini ya kuliacha somo hili. Sikushindwa na sauti, maana sauti nazisikia. Nimeshindwa na 'hapa'. Kila siku unasema hewa inapita hapa na inazuiwa hapa, wenzangu wanaitikia, nami sijui hapa ni wapi."

Sikuwa na jibu. Shahada yangu ya uzamifu ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yangu, nami nilishukuru kwamba haoni jinsi nilivyoinamisha kichwa. Nilimwomba asiondoke, anipe wiki moja tu.

Jioni ile nilifungua madaftari yangu ya alama ya miaka iliyotangulia. Nilimwona mwanafunzi mwingine asiyeona ambaye nilimfundisha somo lilo hilo. Alipata alama duni katika jaribio la kwanza, na baada ya hapo jina lake halikuonekana tena katika orodha. Wakati ule nilidhani hakulipenda somo. Sasa sina hakika, na huyo hakuja kubisha hodi.

Kwa hiyo nilinunua udongo wa mfinyanzi, nikaketi usiku kucha kufinyanga nusu ya kichwa, chenye meno, ulimi na njia ya pua. Binti alipokipapasa alicheka, akasema ulimi ule ulikuwa wa ng'ombe. Tukaufinyanga upya pamoja, yeye akiupima kwa ulimi wake mwenyewe kinywani na kunieleza nilipokosea. Baada ya nusu saa alikuwa ametambua kwa vidole mahali ambapo ufizi unakwisha na kaakaa gumu linaanza, jambo ambalo wengi wa wenzake walikuwa wakilikariri tu kutoka ubaoni.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kila mwanafunzi huja darasani na maabara yake ya fonetiki shingoni mwake. Mhadhara uliofuata sikuchora chochote. Niliwaambia wote waweke vidole kooni, watamke s kwa kuivuta, kisha z. Ukumbi mzima ukavuma kama mzinga wa nyuki. Kila mmoja alihisi mtetemo wa nyuzi za sauti katika z na akaukosa katika s, akajua tofauti ya sauti ghuna na sighuna bila kuambiwa. Kisha niliwaambia wabane pua huku wakiivuta m. Sauti ikakatika papo hapo, nao wakaelewa kwa nini tunaiita nazali.

Mwanafunzi mmoja aliyelelewa Mombasa akatufaa zaidi. Alitamka paa la nyumba na paa yule mnyama wa porini, kisha kaa la moto na kaa wa baharini, huku wenzake wakiweka viganja mbele ya kinywa chake. Katika maneno ya wanyama kiganja kilipigwa na pumzi; katika yale mengine hakikupigwa. Tofauti hiyo ya mpumuo, ambayo wenyeji wa Mvita huitumia lakini tahajia yetu haiionyeshi, ilionekana kwa ngozi kabla ya kuonekana kwa macho.

Naam, wanafunzi wenye macho timamu walinijia baada ya kipindi wakakiri kwamba mchoro wangu wa awali waliunakili tu bila kuuelewa. Somo hili ndilo ningependa kila mwalimu alizingatie. Nilidhani nabadilisha ufundishaji kwa ajili ya mtu mmoja. Kumbe yule mmoja ndiye aliyepata ujasiri wa kusema lililowashinda wengi.

Baada ya mlango huo kufunguliwa, wengine nao wakaingia. Wanafunzi wangu hutoka pembe zote za nchi, na kwa muda mrefu nilizitazama lugha zao za mama kama kikwazo cha matamshi sanifu. Sasa nilizifanya kuwa mali ya darasa. Msemaji wa Kidholuo alitufundisha sauti zinazoandikwa th na dh katika lugha yake, ambazo ulimi huzifungia kwenye meno, tofauti na th na dh za Kiswahili zinazokwamizwa. Msemaji wa Gĩkũyũ alituonyesha kwamba hata jina la lugha yake ni somo la fonolojia, kwa kuwa kiambishi kĩ- hugeuka gĩ- kinapotangulia silabi inayoanza kwa sauti kama k au t; hiyo ndiyo kanuni ambayo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl. Kijana ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu muhula uanze alisimama kama mtaalamu mbele ya watu mia mbili.

Haya si mageni katika historia yetu. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe jijini Nairobi, wakati chuo hicho kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hoja yao ilihusu kilichopaswa kuwa kitovu cha masomo: Ulaya au Afrika. Swali letu leo linafuata lile: baada ya kujua tunachokifundisha, je, tunamfundisha nani, na nani ameachwa nje hali ameketi ndani?

Wapo waliopinga. Wenzangu wawili walinong'ona kwamba ninalegeza viwango, hasa idara iliponiruhusu kumpa binti yule jaribio jingine. Nilimpa ala zilezile, maswali yaleyale, ila badala ya mchoro nilimpa kichwa cha udongo. Alipata 24 kwa 30. Nawauliza wenzangu: ni kiwango gani kilicholegezwa? Jaribio la kwanza lilipima macho, nami sikuajiriwa kupima macho.

Wengine husema, na wana haki, kwamba madarasa ni makubwa, vifaa ni haba, na mhadhiri wa muda anayekimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine hana usiku wa kufinyanga udongo. Sikatai. Vyuo na serikali vina deni hapa ambalo mwalimu mmoja hawezi kulilipa. Lakini kusema "sauti hii hutolewa ncha ya ulimi inapogusa ufizi" badala ya "sauti hii hutolewa hapa" hakugharimu hata senti moja. Kusoma kwa sauti unachokiandika ubaoni ni bure. Kuwasilisha karatasi ya mtihani mapema ili ipigwe chapa ya nukta nundu kunahitaji kalenda tu.

Aidha, hili si suala la hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuvitumia. Wanaisimu hatuna kisingizio. Tangu mwaka 1960, William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Gallaudet nchini Marekani, alionyesha kwamba ishara za viziwi hujengwa kwa vipashio vidogo, yaani umbo la mkono, mahali pake na mwendo wake, kama vile maneno yetu yanavyojengwa kwa fonimu. Tunaifundisha nadharia hiyo. Muhula huu nina mwanafunzi kiziwi darasani, na mkalimani wake hupatikana mara moja kwa wiki ilhali mihadhara ni miwili. Ule mhadhara wa pili humwandikia muhtasari kamili siku moja kabla. Najua kwamba muhtasari si mkalimani, na barua yangu ya kudai mkalimani wa kudumu ingali inasubiri jibu.

Nanyi wanafunzi, kuuliza si ujinga. Mwalimu akisema "hapa" nanyi hamjui ni wapi, mwulizeni, na mkimwona mwenzenu aliyeachwa nyuma, mwulizieni. Binti yule alimaliza shahada yake, naye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Kichwa cha udongo kingali juu ya kabati langu, kimeumbuka sikio kwa kushikwashikwa. Kila mwaka wanafunzi wapya hukipokezana mkononi, mmoja baada ya mwingine, hadi kimfikie aliyeketi nyuma kabisa.