‘Usw.’, ‘osv.’ na ‘n.k.’ si kitu kimoja

Ukisoma gazeti la Kijerumani, hutakawia kukutana na kifupisho ‘usw.’ Katika la Kinorwe utakuta ‘osv.’ Aghalabu sisi huvitafsiri vyote viwili kwa ‘n.k.’ bila kusita. Kimatumizi, ni sawa. Kiasili, hapana.

‘Usw.’ ni ‘und so weiter’, na ‘osv.’ ni ‘og så videre’. ‘Und’ na ‘og’ ni ‘na’; ‘so’ na ‘så’ ni ‘hivyo’. ‘Weiter’ na ‘videre’ ni maneno ndugu, maana lugha hizi ni za jamii moja ya Kigermaniki. Yote mawili yana maana ya ‘mbele zaidi’. Basi Mjerumani na Mnorwe husema: ‘na hivyo kuendelea mbele’. Hiyo ni picha ya mtu aliye njiani.

‘Etc.’ ya Kilatini, yaani ‘et cetera’, ina picha nyingine: ‘na vilivyosalia’. Hapo kuna kapu ambalo halijamalizwa.

Na ‘n.k.’ yetu je? ‘Na’ ni neno letu la Kibantu. ‘Kadhalika’ limetoka Kiarabu: ‘ka’ ni ‘kama’, ‘dhalika’ ni ‘hiyo’ au ‘hilo’. Kumbe sisi hatutembei wala hatuhesabu mabaki, sisi tunafananisha. ‘Na kadhalika’ ni ‘na vya namna hiyo’.

Mtu atauliza, yatufaa nini haya? Jirani yangu alitia saini mkataba wa nyumba uliomtaka alipie ‘maji, taka, ulinzi n.k.’ Mwezi wa tatu akaletewa bili ya kubadilisha paa. Alipolalamika, akaambiwa paa limo ndani ya ‘n.k.’

Halimo! Maji, taka na ulinzi ni huduma za kila mwezi. Paa ni mali ya mwenye nyumba. Mawakili wana kanuni inayoitwa kwa Kilatini ‘ejusdem generis’, yaani ‘ya jinsi ile ile’: neno la jumla linalofuata orodha hufasiriwa kulingana na aina ya vitu vilivyotajwa. ‘Kadhalika’ lilikuwa limeshasema hivyo.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika ‘n.k.’, taja angalau vitu viwili vya jinsi moja ili msomaji aweze kukisia cha tatu. Ukiwa umetanguliza ‘kama vile’, huihitaji. Na orodha ikiwa imeisha, tia nukta. Katika mkataba, andika kila kitu. Herufi mbili zisije zikakuezekea paa la mwenzio.