Mbwa wa Misawa na Kunguru wa Fukase

Mbwa amegeuza shingo. Manyoya yake ni meusi kama masizi, na jicho lake linamkazia mtu kana kwamba linamdai. Daido Moriyama alimpiga picha mwaka 1971 mjini Misawa, kaskazini mwa Japani, na tangu hapo koko huyo asiye na mwenyewe ametembea makumbusho mengi kuliko mabalozi walio wengi. Mtazamaji wa Paris huona mbwa tu. Lakini Misawa ina kambi ya ndege za kivita za Marekani, na anayelijua hilo humtazama mbwa yule kwa jicho jingine.

Picha za Kijapani zilipata mlango mkubwa wa kutokea nje mwaka 1974, jumba la makumbusho la MoMA la New York lilipoonyesha kazi za wapiga picha 15. Maonyesho hayo yaliandaliwa na John Szarkowski wa MoMA pamoja na Shoji Yamagishi, mhariri wa jarida la Camera Mainichi. Baadhi ya wapiga picha wa kizazi hicho walitoa kazi ambazo mteja wa studio angezirudisha papo hapo: zina chengachenga, zimetikisika, zina ukungu. Wajapani huuita mtindo huo are, bure, boke. (Bure hiyo haihusiani na bure yetu, kwao ni mtikisiko.) Uliko­lezwa na jarida la Provoke, lililotoka mara tatu tu, kati ya 1968 na 1969.

Anayezipenda picha hizi akiwa mbali hana budi kujua jambo moja: nyingi hazikukusudiwa ukutani. Kwa miaka mingi wapiga picha wa Japani hawakuwa na soko kubwa la kuuza picha mojamoja, kwa hiyo kazi yao ilikwenda magazetini na vitabuni. Kitabu ndicho kazi yenyewe: uzito wa karatasi, weusi wa wino, ukurasa gani unafuata upi. Vingine hufunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Anayeona picha moja kwenye simu amesikia ubeti mmoja wa utenzi.

Chukua Karasu, yaani kunguru, cha Masahisa Fukase. Mkewe alipomwacha katika miaka ya 1970, Fukase alianza kuwafuata kunguru huko Hokkaido. Kunguru mmoja hasemi neno. Geuza kurasa, wanarudi tena na tena, juu ya matawi, juu ya theluji, mpaka mwishowe msomaji ndiye anayejiona ameachwa. Kitabu kilitoka 1986. Mwaka 2010 jopo la jarida la Uingereza, British Journal of Photography, lilikitaja kuwa kitabu bora cha picha cha robo karne iliyotangulia.

Rinko Kawauchi yuko upande mwingine kabisa. Mwaka 2001 alitoa vitabu vitatu kwa mkupuo, kimojawapo Utatane, maana yake lepe la usingizi. Humo mna vitu vidogo vya nyumbani, vyenye mwanga laini mno. Wageni hupenda kuziita picha zake za Kizen, yaani za Zen, ule Ubudha wa kutafakari. Ni uvivu: neno hilo hubandikwa kila kitu kitulivu kitokacho Japani.

Kosa zito zaidi humwangukia Lieko Shiga. Mwaka 2008 alihamia Kitakama, kijiji cha pwani mkoani Miyagi, akawa mpiga picha wa kijiji, akipiga sherehe na kurekodi masimulizi ya wazee. Tsunami ya Machi 11, 2011 ikakikumba kijiji na kuisomba studio yake. Kazi yake, Rasen Kaigan, imejaa usiku, mwanga mkali wa kamera na watu walio kama mizimu, na mtazamaji wa mbali huona maafa kila mahali. Kumbe nyingi kati ya picha hizo zilipigwa kabla ya wimbi, wazee wakishiriki kuzitengeneza, kijiji kikiwa bado kimesimama.