Kwa Nini Mtu Mzima Husahau Kusoma

Leo nataka kuwaelezeni jambo linalowashangaza wengi: kwa nini mtu mzima aliyekwisha kujifunza kusoma huweza kusahau kabisa. Watu husema kichwa chake ni kigumu. Si kweli.

Tazameni kwanza hesabu. Mwaka 1967 katika Tanzania, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Rais Julius Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa shuleni na chini ya miti, na kwa hesabu ya Serikali, mwaka 1986 wasiojua walikuwa chini ya 10 katika 100. Lakini fedha zilipungua, madarasa mengi yakafungwa. Na sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa wasiojua wamezidi tena 20 katika 100. Kusoma ni kama njia ya porini: isipopitwa, majani huifunika.

Tena katika nchi ya Mbulu na Hanang iko sababu nyingine. Wengi huko husema Kiiraqw au Kidatooga nyumbani. Kiiraqw ni jamaa ya Kisomali, na Kidatooga ni jamaa ya lugha za Wakalenjin wa Kenya. Asili yao si moja na Kiswahili. Mama Mwiraqw aweza kufundishwa silabi za neno ng'ombe akalitamka sawasawa, lakini nyumbani kwake ng'ombe jike huitwa slee. Asiyekijua Kiswahili vema hubeba mizigo miwili kwa mara moja, mzigo wa herufi na mzigo wa lugha. Mwalimu asiyetambua humsikia akisoma kwa sauti nzuri, akadhani ameelewa. Kumbe amesoma sauti tupu. Na sauti tupu haikai moyoni.

Basi mwalimu afanyeje? Kwanza, neno lisemwe kabla ya kusomwa. Wanafunzi waulizwe kitu hicho chaitwaje kwao, wakizungumze mpaka wote wafahamu, ndipo neno liandikwe ubaoni na kukatwa silabi.

Pili, maneno yatoke katika kazi yao. Kando ya Ziwa Viktoria, kati ya miaka 1968 na 1972, Serikali pamoja na UNESCO ilijaribu vitabu vilivyofundisha kusoma pamoja na ukulima wa pamba. Kwa mkulima wa Mbulu yafaa mahindi na maharage. Kwa mfugaji wa Hanang, ng'ombe na dawa zao.

Tatu, vijana wasichanganywe ovyo na wazee, kwa maana kijana huona haya kukosea mbele ya mkubwa wake. Mpango wa MEMKWA, ulioanza mwaka 1999, uliwapa watoto na vijana walioikosa shule madarasa yao wenyewe.

Nne, na hili ndilo kubwa, kila juma mwanafunzi apate kitu cha kusoma nyumbani: barua, kadi ya mtoto ya zahanati, hesabu ya mizani sokoni. Asiyesoma hutia dole gumba katika karatasi ya shamba lake asijue imeandikwa nini, na siku ya shauri karatasi ndiyo itakayosema, si yeye.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jirani yako akisahau kusoma, usimcheke. Mpe barua yako akusomee.