Mgombea wa Wadi na Taka za Mji: Mambo Yapasayo Kuulizwa

Uchaguzi unapokaribia, wagombea wa viti vya wadi huja kwetu sokoni na katika vituo vya mabasi, na ni nadra kumsikia mgombea wa Nairobi asiyetaja taka. Mmoja huahidi kununua lori. Wa pili husema kwamba atalifunga jaa. Wa tatu huja na ufagio mkononi, akafagia mtaro mbele ya watu, kisha akaenda zake. Maneno yao hupendeza, kwa kuwa uchafu huo twauona kila siku. Lakini mpiga kura atajuaje ni ahadi ipi iwezayo kutimizwa? Hapana budi ajue kwanza kiti anachokitaka mgombea kina mamlaka gani.

MAMLAKA YA MWAKILISHI

Zamani mambo haya yalikuwa mikononi mwa madiwani wa mabaraza ya miji. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mahali pao pakashikwa na wawakilishi wa wadi, waketio katika Bunge la Kaunti. Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa, kutunza mifereji ya maji ya mvua mijini, na kuzuia moshi na kelele zinazowadhuru watu.

Hata hivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeweka mpaka ulio wazi. Mwakilishi wa wadi haruhusiwi kujitia katika kazi za utendaji. Haamuru malori ya taka, haajiri wafagiaji, wala hagawi kandarasi. Hayo ni ya Gavana na maofisa wake. Kazi za mwakilishi ni kuleta sauti ya watu wake, kutunga sheria za kaunti, kupitisha makadirio ya fedha, na kuwahoji watendaji jinsi fedha hizo zilivyotumika.

Basi mgombea asemaye, “Nitawanunulia lori,” anaahidi kazi isiyokuwa yake. Bali akisema, “Nitauliza Bungeni kaunti ina malori mangapi, ni mangapi yaendayo barabarani, na kwa nini hayafiki katika wadi yetu,” huyo ameitambua kazi yake. Maneno hayo hayapigiwi makofi mengi, lakini ndiyo yenye nguvu ya sheria.

HABARI YA JAA LA DANDORA

Tutwae jaa la Dandora kuwa mfano. Lilifunguliwa katika miaka ya 1970, kando ya Mto Nairobi, na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba limejaa. Hata hivyo taka za mji ziliendelea kumwagwa humo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi wa watoto 328 wa upande huo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu, kwa kiasi kilichofikia au kupita mpaka uliohesabiwa wakati ule kuwa wa hatari. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake katika masomo hayaondoki kwa dawa ya siku mbili tatu.

Mwezi wa Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo lifungwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ulipita, na malori yakaendelea kuingia. Hapa pana funzo kwetu. Ikiwa amri ya mahakama haikutosha kulifunga jaa, ahadi ya mgombea peke yake itatosha vipi? Yafaa aulizwe, “Bwana, siku utakapolifunga jaa hili, taka za asubuhi ya kesho yake zitapelekwa wapi?” Asipokuwa na jibu, zitamwagwa kando ya barabara na mitoni.

Jibu lililo bora huanzia jikoni. Zaidi ya nusu ya taka za mji ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu viozavyo na kuweza kufanywa mbolea. Sheria ya Usimamizi wa Taka ya mwaka 2022 imeagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Lakini mama akizitenga nyumbani, kisha lori moja likazichanganya tena, jasho lake limepotea bure. Kwa hiyo mgombea aeleze atatetea sheria gani ya kaunti, na fedha kiasi gani, ili taka zilizotengwa zichukuliwe mbalimbali.

MIFEREJI NA MITO

Vijana wausafishapo mto wastahili sifa. Lakini mto hauchafuki kwa mifuko ya kando yake tu. Huchafuliwa pia na mabomba ya maji machafu yaliyopasuka na mitaro itokayo viwandani. Mfereji ulioziba nao hulipiza kisasi wakati wa masika. Katika mvua za mwaka 2024 Mto Mathare ulifurika, nyumba zikachukuliwa na maji, na watu wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mfereji usiozibuliwa Februari hauzibuliki tena Aprili, maji yakiwa mlangoni.

WAKATI WA KUULIZA

Fedha za kazi hizi zina majira yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya kaunti yapasa kufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kupita. Katiba yaagiza Bunge la Kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Basi raia anayo haki ya kuhudhuria, kusoma makadirio, na kutazama kama wadi yake imo.

Kwa hiyo, mgombea ajapo kwenu, msikilizeni kwa heshima, kisha mwulizeni mambo matatu: ataleta sheria gani, atatetea fedha zipi katika makadirio, na atawarudia lini kuwaeleza majibu aliyopewa na watendaji. Andikeni majibu yake katika daftari pamoja na tarehe. Mwezi wa Aprili ufikapo baada ya uchaguzi, lifungueni daftari hilo mbele yake. Ufagio wa siku moja husahauliwa upesi, lakini watoto wa Dandora huvuta moshi wa jaa mwaka mzima.