Maendeleo ya Uchumi na Furaha ya Taifa

Husemwa mara nyingi mimbarani kwamba maskini wana furaha kuliko matajiri. Wengine hufundisha kwamba uchumi ukikua, furaha hufuata yenyewe. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina upungufu, nasi tunaotumika Mkolani na kando ya ziwa hatuna budi kuzipima.

Kwanza, tuangalie kipimo chenyewe. Tangu mwaka 2012 hutolewa Ripoti ya Furaha Duniani. Watu huombwa kufikiria ngazi yenye vipandio vya 0 hadi 10, ambapo 10 ni maisha bora kabisa wanayoweza kuyawazia, kisha waseme wamesimama wapi. Kinachopimwa, basi, ni jinsi mtu anavyoyahukumu maisha yake, wala si uchangamfu wake. Katika ripoti ya mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Kwa jumla nchi tajiri husimama juu na nchi maskini chini. Kwa hiyo asiye na fedha ya dawa anapotusalimu kwa tabasamu mlangoni mwa kanisa, tusidhani kwamba ameridhika.

Pili, kipato peke yake hakitoshi. Mwaka 1974 mwanauchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba ndani ya nchi moja wenye kipato kikubwa huwa na furaha zaidi. Lakini Marekani ilipozidi kutajirika baada ya Vita Kuu ya Pili, furaha ya watu wake haikupanda sambamba. Wataalamu wengine wamempinga, na mjadala ungaliko. Hata hivyo, ripoti ya mwaka 2025 iliiweka Costa Rica nafasi ya 6 na Marekani ya 24, ingawa Marekani ni tajiri zaidi. Pamoja na kipato, watafiti hutaja afya, mtu wa kutegemewa wakati wa shida, uhuru wa kuamua, ukarimu, na kutokuwepo kwa rushwa.

Tatu, tutazame ziwa letu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaongezeka mno miaka ya 1980. Viwanda vilijengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya, nchi ikapata fedha za kigeni na watu wakapata ajira. Lakini bei ya samaki ilipanda, na katika nyumba nyingi kilichofika chunguni kikawa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Tena, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi kati ya 1997 na 1999, hasara ilimfikia mvuvi asiyeshirikishwa katika uamuzi wowote. Takwimu za mauzo hazikuonyesha nani alikula na nani alikosa. Vivyo hivyo, mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania katika kundi la chini la nchi za kipato cha kati, ilitumia wastani. Na wastani hauijui nyumba ya mtu.

Luther, akieleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kwenye chakula. Alihesabu pia nyumba, mali, serikali njema, amani, afya na majirani waaminifu. Basi mchungaji asiubariki umaskini kana kwamba ni furaha. Aidha, asikiapo kwamba uchumi umekua, aulize mkate huo umefika katika nyumba zipi za usharika wake.